Matusi na lugha ya mtaani kwenye hadithi fupi za uhalifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali ninayoulizwa sana na waandishi wanaonitumia stori zao za majambazi, wapelelezi, mapusha na maaskari ili nizipitie kabla hawajazitoa. Nimeyaweka sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndo yanayosumbua watu, mengine mistari miwili mitatu inatosha. Majibizano yote ya mfano nimeyatunga mwenyewe, na mengi ni ya Dar kwa sababu ndo mitaa ninayoijua, ila Nairobi na Pwani nimegusa pia.

Kwani lazima stori ya uhalifu iwe na matusi?

Hapana. Hadithi za upelelezi za Kiswahili zilianza bila hayo kabisa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla ilitoka 1960, Bwana Msa na kiko chake anafumbua mauaji Unguja kwa akili na mazungumzo ya kistaarabu mwanzo mwisho. Ikaja Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla 1965, halafu miaka ya 70 na 80 Dar ikajaa vitabu vidogo vya majasusi na majambazi, damu ikaongezeka, pombe na mapenzi vikaongezeka, wasomi wakaviita fasihi pendwa na wengine wakavibeza, lakini watu walivisoma. Yani utamu wa stori ya uhalifu haujawahi kutegemea matusi kwetu.

Ila pia sikubaliani na wanaosema usiweke kabisa. Mtu anapigwa risasi, mtu anasalitiwa na rafiki yake wa utotoni, mtu anagundua mdogo wake ndo aliyemuuza kwa polisi, halafu mwandishi anamfanya aseme "ewe mtu mbaya", hapo msomaji anafunga simu analala. Msimamo wangu ni huu na ntaurudia humu ndani: kwetu tusi ni tukio. Ukimtukania mtu mama yake mtaani hiyo siku haiishi hivihivi, lazima kuna mtu atapigwa, atanuniwa, atahama, au kikao cha wazee kitakaa. Sasa kama kwenye stori yako mtu anatukanwa tusi zito halafu ukurasa unaofuata wanakunywa chai kama hakuna kilichotokea, hapo umeshadanganya, hata kama hilo tusi lenyewe ni la kweli kabisa.

Mbona mtaani watu wanatukanana kila dakika? Si ndo uhalisia wenyewe?

Sikiliza vizuri zaidi. Yale tunayoyaita matusi kwa jumla mtaani yamegawanyika, na wenyewe wanajua mipaka yake bila kufundishwa.

Kuna utani. "Oya fala uko wapi, tunakusubiri kijiweni." Hapo fala ni rafiki, na akiitwa jina lake kamili ghafla ndo atashtuka ajue kuna kitu hakiko sawa. Boya, zoba, mwehu, vyote hivyo vinapita kwa washkaji. Halafu kuna ukali wa kawaida, mshenzi, mjinga, mbwa wewe, pumbavu, hayo bosi anamwambia kuli, dereva anamwambia bodaboda aliyemkwangulia gari. Yanauma ila maisha yanaendelea. Halafu ndo kuna matusi ya nguoni, yale ya mama na ya sehemu za siri, ambayo yakitoka watu wote waliokaa pale wanageuka kuangalia.

Mwandishi anayeanza anachanganya yote kwenye sufuria moja. Kila mtu anamtukana kila mtu la nguoni kuanzia aya ya kwanza. Matokeo yake ukifika mwisho, pale ambapo mhusika ana sababu kweli ya kutukana, huna tena kitu cha kumpa mdomoni, umeshamaliza silaha zote kwenye mabishano ya nani alipie bia.

Na kuna jingine, maneno yakiwa kwenye maandishi yanakuwa mazito kuliko yakitamkwa. Kijiweni kuna sauti, kuna kicheko, kuna uso wa mtu. Msomaji hana hivyo, ana neno tu limekaa linamtazama. Tusi ambalo kijiweni lingepita kama upepo, kwenye karatasi linasimama.

Nionyeshe kwa mfano basi.

Sawa. Tuchukue stori ya kawaida sana, uporaji wa wakala wa pesa kwa simu. Kibanda kipo Tandika, inakaribia saa mbili usiku, mama anafunga hesabu za floti. Stori nyingi ninazoletewa zinakuwa hivi:

"Toa hela we mshenzi!" Kobe alifoka. "Mbwa mkubwa wewe, toa haraka kabla sijakumwaga ubongo!"
"Nisamehe jamani!" yule mama alilia.
"Kelele, nguruwe wewe! Malaya!"

Hapo kuna matusi manne na sijaogopa hata kidogo. Kobe sijamjua, mama sijamjua, wanaweza kuwa watu wowote wa mji wowote. Sasa soma hii:

Kobe aliinama kwenye kidirisha. "Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Unatoa au unaweka?"
"Natoa." Akalaza mguu wa kuku juu ya daftari la miamala. "Zote."
Mama aliiangalia ile bastola, akapandisha macho taratibu hadi usoni kwake. "We si mtoto wa mama Salha, wa kule bondeni?"
Hapo ndo Kobe akamtukana. Tusi la nguoni, mbele ya mwanamke aliyemzidi umri mama yake mzazi, na sauti ilimtetemeka wakati analitoa.

Tusi ni moja tu na hata halijaandikwa lenyewe. Lakini angalia limefanya kazi gani. Shikamoo inatuambia kijana kalelewa, anajua adabu, na hiyo ndo inatisha kwa sababu bastola inafuata. Swali la kutoa au kuweka ni la kazi, kila wakala analiuliza siku nzima. Halafu mama anamtambua, na tusi linatoka kwa sababu ya woga wa Kobe mwenyewe, sio kwa sababu mwandishi anataka tumuone katili. Na msomaji anajua mara moja kwamba huyu mama sasa yuko hatarini zaidi ya dakika moja iliyopita, kwa sababu aliyetambuliwa ana sababu ya kuua. Stori imegeuka. Ndo maana nasema tusi ni tukio, liweke pale ambapo kitu kinavunjika.

Tusi lenyewe niliandike wazi, niweke nyota nyota, au nisimulie tu?

Zote zinafanyika, ila zina bei tofauti.

Nyota mimi sizipendi kwenye hadithi. Kwenye komenti za Facebook sawa, lakini kwenye stori msomaji anasimama, anaanza kuhesabu herufi ajue ni lipi, ameshatoka ndani ya stori. Kama unaona haya kuliandika, usiliandike, kuna njia nyingine.

Njia hiyo ni kusimulia, na lugha yetu imejaa maneno ya kazi hii. Akamporomoshea matusi. Akamtukania mama. Akamtolea la nguoni. Akamvurumishia. Akatukana mpaka povu likamtoka. Kila moja lina mwendo wake, kuporomosha ni mengi kwa mfululizo, la nguoni ni moja lakini zito. Tena hii njia hata waliobanwa na wahariri huko Marekani waliitumia vizuri tu. Dashiell Hammett, ambaye alikuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton kabla hajawa mwandishi, kwenye The Maltese Falcon ya 1930 ana kijana mmoja mwenye bastola anayemtukana mpelelezi, na badala ya kuandika tusi akaandika kwamba kijana alitamka maneno mawili, la kwanza kitenzi kifupi cha kooni, la pili ni "wewe". Basi. Kila msomaji analijaza mwenyewe kwa lile analolijua, na lile unalolijaza mwenyewe ndo linakukaa.

Kuandika wazi nako kuna mahali pake. Kama mhusika wako ni wa gengeni, anasimulia kwa nafsi ya kwanza, stori nzima iko kichwani kwake, ukianza kumfichia maneno utamfanya aonekane mwalimu wa madrasa aliyejificha ndani ya ngozi ya jambazi. Huyo mwache aongee. Ila bado muongoze, mara moja au mbili kwenye stori ya kurasa kumi, mahali panapouma.

Polisi kwenye stori yangu waongeeje?

Hapa ndo stori nyingi zinafia na hakuna anayesema. Watu wamezoea sinema za Marekani ambako askari anaingia anapiga meza teke anatukana, basi na wao wanamfanya sajenti wa Chang'ombe aongee hivyohivyo. Kwanza lugha ya kituoni ni ya kiofisi mno. Kuna kuchukua maelezo, kuna RB unayopewa ukiripoti, kuna PF3 kwa aliyeumizwa, kuna mahabusu, kuna mtuhumiwa "kutoa ushirikiano". Kenya ni OB na fomu ya P3, na bosi wa kituo ni OCS. Ukitumia PF3 kwenye stori ya Kayole mtu wa Nairobi anajua hapohapo kwamba hujawahi kukanyaga huko.

Pili, anayetisha kweli kwenye chumba cha mahojiano ni yule anayeongea kwa upole. Jaribu hii:

"Kaa mwanangu. Umekula?"
"Bado afande."
"Tangu jana?" Akamgeukia koplo. "Mletee kijana chai na chapati mbili. Usiku utakuwa mrefu."

Hakuna tusi, hakuna kofi, na mimi nikiwa yule kijana tumbo linakata.

Tatu, na hii ni hazina ambayo waandishi wanaipita bila kuiona: mtaani polisi ana majina mawili. Nyuma yake anaitwa njagu, zamani zile mwela, Nairobi ni karao au sanse. Usoni kwake ni afande, tena afande wa unyenyekevu. Jambazi sugu lenye mauaji matatu likifika mbele ya konstebo wa miaka ishirini na tatu linasema "shikamoo afande"? Hapana, umri unakataa, ila afande litasema. Ukimpa mhusika wako njagu kwenye aya moja na afande kwenye aya inayofuata umeshamchora bila kueleza kitu. Na siku akimwita askari njagu usoni, hilo neno dogo lina uzito kuliko tusi lolote la nguoni, kwa sababu maana yake ni kwamba hana tena cha kupoteza.

Askari naye vilevile. Anamfunga pingu mtu mzima lakini bado anamwita mzee wangu. "Mzee wangu usinipe kazi, panda difenda twende." Heshima na nguvu vinakaa kwenye sentensi moja. Hiyo ni yetu, itumie.

Lugha ya mtaani niweke kiasi gani? Msomaji wa Mwanza au Kigoma ataelewa?

Ataelewa kama neno umeliweka mahali ambapo kitendo kinalieleza. "Njagu wawili waliruka kutoka kwenye difenda, Side akazitupa kete mtaroni na kuanza kutembea taratibu kama anatoka msikitini." Hata kama hujui njagu ni nani wala kete ni nini, umeshajua. Usifungue mabano kila neno kueleza maana yake, inaua kasi, na inamfanya msomaji ajione mgeni kwenye stori aliyoalikwa.

Usimwagie kila sentensi. Masimulizi yenyewe yanaweza kuwa Kiswahili safi kabisa, majibizano ndo yakabeba mtaa. Mi napenda hivyo zaidi kwa sababu unapata sauti mbili, ya anayesimulia ambaye ametulia na ya wahusika ambao damu inachemka, na zinagongana vizuri.

Na Sheng je?

Sheng inataka uaminifu. Inabadilika mtaa kwa mtaa na mwaka kwa mwaka, ya Dandora na ya Buruburu hazifanani, na vijana wanaacha neno wazazi wakishalijua. Kama wewe ni wa Dar usiibebe ya kwenye nyimbo ukadhani unaijua. Tafuta mtu wa hukohuko akusomee majibizano, mlipe hata vocha. Karao, mbogi yani genge, gondi yani mwizi, hayo yanajulikana na wengi, lakini kuyapanga mdomoni kwa mtu wa umri fulani wa mtaa fulani ni kazi ya sikio.

Maneno yakizeeka stori si itachekwa?

Stori ya mwaka 1994 iongee kama 1994. Kinachochekesha ni kumkuta jambazi wa enzi za vibanda vya simu anaongea maneno yaliyozaliwa juzi TikTok. Ukiwa na wasiwasi, chagua maneno yaliyokaa muda mrefu. Kunyea debe kwa maana ya kufungwa, mnyapara wa gerezani, karandinga la mahabusu, hayo yamedumu na kila mtu mzima anayajua. Na angalia kunyea debe lenyewe lilivyo, linakupa gereza zima, harufu yake na fedheha yake, kwa maneno mawili. Ukali wa aina hiyo ndo ninaoutafuta kwenye stori.

Mtu wa Pwani anatukanaje?

Anaweza asitukane kabisa na ukaenda nyumbani kulia. Unguja, Mombasa, Tanga, watu wana vijembe, wana mafumbo, wana maneno ya kanga, mtu anachagua nguo ya kuvaa asubuhi ili jirani aisome. Kwenye stori ya uhalifu hii ni dhahabu kwa sababu kisasi kinaweza kuanza kwenye kijembe kilichosemwa harusini na kikaishia kwenye maiti kisimani miaka sita baadaye. "Wewe hukulelewa, ulikua tu." Mwambie hivyo mwanamume wa Mji Mkongwe mbele ya watu uone. Hapo umemtukana yeye, mama yake, baba yake na nyumba nzima, na hakuna neno hata moja ambalo mhariri atalikata.

Mhusika mwanamke anaweza kutukana?

Anaweza, kwanini asiweze. Muuza pombe ya kienyeji, mke wa jambazi, askari wa kike, kila mmoja ana mdomo wake. Ninachokataa ni kile kitu cha wanaume wote kwenye stori kuwa na matusi ya kila namna halafu wanawake kazi yao ni kutukanwa malaya tu basi. Kama neno malaya limetokea mara nane kwenye stori yako, rudi uhesabu ni mara ngapi lilikuwa na kazi. Nyingi utazifuta mwenyewe.

Matusi ya kabila, ulemavu, rangi?

Hapa nabadilika sauti kidogo kwa sababu haya yameua watu. Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino walivamiwa, wakakatwa viungo, wakauawa kwa ajili ya ushirikina, na lile neno la zamani walilokuwa wakiitwa lilikuwa sehemu ya kuwafanya waonekane sio watu. Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, na uchochezi wa kikabila ni kosa. Kwa hiyo utaratibu wangu: anayesimulia, yani sauti ya stori, asiyatumie kamwe. Mhusika anaweza, kama stori inamhusu mtu wa namna hiyo na stori inampa aliyetukanwa jina, kazi, familia na nafasi ya kuongea. Kama aliyetukanwa yupo tu ili atukanwe, toa.

Na damu, kubaka, teja, mwizi kuchomwa moto? Hiyo nayo ni lugha kali?

Ndio, na mara nyingi ni kali kuliko tusi lolote. Tuchukue mwizi kuchomwa moto. Magazeti yana sentensi yao, "aliuawa na wananchi wenye hasira kali", tumeisikia mpaka haituumi tena, na inaficha mtu. Nani alileta petroli? Nani alivua tairi kwenye toroli? Kwenye stori mpe huyo mtu sura. Fundi viatu wa pale kona, anayekusalimia kila asubuhi, ndo aliyewasha kiberiti, na kesho yake bado yuko pale anashona viatu na ana alama nyeusi kwenye dole gumba. Hauhitaji kueleza ngozi inavyoungua aya nzima. Alama ya dole gumba inatosha, na utashangaa watu watakavyokuandikia meseji.

Teja naye wanamuandika vibaya sana, anakuwa wa kuchekesha, anasinzia amepinda mgongo basi. Mtu akiwa na arosto anapiga miayo, mafua yanamtoka, anatoka jasho huku anasikia baridi, tumbo linamsokota, miguu haitulii. Anahesabu saa. Yuko tayari kuuza simu ya mdogo wake kwa bei ya kete moja na anajua anachofanya. Andika hilo. Na wengine wanapambana, tangu 2011 pale Muhimbili kuna kliniki ya methadone, mtu anakwenda kila siku kunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Mhusika ambaye lazima afike kliniki asubuhi hata kama jana usiku aliona mauaji, tayari hiyo ni stori.

Kubaka: sitoi ruhusa ya kuliweka kama kiungo cha kuongeza ukali. Ukiona umelitumia ili mwanamume apate sababu ya kulipiza kisasi, na yule mwanamke hatumsikii tena baada ya hapo, umemtumia kama alivyotumiwa. Mpe sauti au tafuta sababu nyingine ya kisasi. Na ukiandika, funga mlango mapema, endelea na asubuhi yake.

Sheria inasemaje? Naweza kukamatwa kwa matusi ya mhusika?

Mimi sio mwanasheria, ukiwa na kitu cha hatari muone mmoja. Lakini ya kujua ni haya. Kwenye Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 89 kinahusu kumtukana mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani, hiyo ni mtu kwa mtu. Kifungu cha 175 kinahusu machapisho ya aibu, na Kenya kinachofanana nacho ni cha 181. Kwa mitandaoni Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizokuja 2018 zikaandikwa upya 2020, na humo lugha chafu na maudhui ya aibu vimetajwa. Kwa hiyo ngono ya wazi wazi ndo inakuweka pabaya zaidi kuliko tusi la jambazi. Na usitumie jina la mtu halisi aliye hai, askari halisi, diwani halisi, halafu ukamfanya muuza unga. Hapo hata bila tusi moja umejitafutia kesi.

Wachapishaji na shule?

Kama unalenga shuleni, sahau matusi ya nguoni, na hata ukali wa kawaida upime. Vitabu vinapita kwenye idhini za elimu, Kenya ni KICD, taasisi yao ya mitaala, na Tanzania Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili, kwa hiyo mchapishaji yeyote mwenye akili anasoma kwa jicho la tatu. Hii sio sababu ya kulia. Jiulize tu mapema unamwandikia nani, kwa sababu stori iliyoandikwa kwa watu wazima halafu ikakatwakatwa ili iingie darasani inabaki na makovu, bora uandike mbili.

Mama yangu anasoma stori zangu. Naona aibu.

Hili naulizwa kuliko unavyofikiri na nalielewa kabisa, kwetu mtoto kutukana mbele ya mzazi sio jambo dogo hata kama anayetukana ni mhusika. Mwambie kabla hajasoma, "Mama hii ina maneno ya watu wabaya." Wazee wengi wanaelewa, wameishi, wameyasikia yote. Asipoelewa tumia jina la uandishi. Ila usiandike jambazi anayeongea kama yuko kwenye mahafali kwa sababu ya aibu yako, maana msomaji hajui aibu yako, anaona stori mbovu tu.

Natoa stori kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, na mwenzangu anazisoma kwa sauti YouTube. Nifanye nini tofauti?

Kwenye grupu muulize admini kwanza, mule kuna shangazi za watu, kuna wanafunzi wanaotumia simu za wazazi. Andika juu kabisa kwamba ni ya watu wazima na ina lugha kali, kila sehemu, sio sehemu ya kwanza tu, kwa sababu watu wanaforwadi ya saba bila ya kwanza. Usimalizie sehemu kwa tusi ili watu washtuke wasubiri ya kesho, malizia kwa swali au hatari.

Kwenye sauti mambo ni tofauti kabisa. Tusi likisomwa na mtu mwenye sauti nzuri linakuwa zito maradufu, na linasikika sebuleni na kwenye bodaboda, mtu hakuchagua kulisikia. Pia YouTube ina masharti yake kuhusu lugha chafu kwenye video zinazoingiza matangazo. Kwa hiyo tengeneza nakala ya kusomwa. Yale uliyoyaandika wazi yageuze yawe ya kusimuliwa, akamtukania mama, akamtolea la nguoni, na umwambie huyo anayeisoma kwa sauti anyamaze sekunde moja baada ya hapo kabla hajaendelea.

Na mpe maandishi siku mbili kabla ya kurekodi, ayapitie, aulize maneno ya mtaani asiyoyajua yanatamkwaje, maana mkazo ukikosewa kwenye neno la kijiweni kila mtu wa kijiweni anasikia.